Mayai yasiyoanguliwa hata pasipo dawa

SWALI: Tumekamua majani ya mmea kwa ethanoli, tukayakausha maji yake, tukayayeyusha kwa DMSO (kimiminika cha kuyeyushia) na kuyapima kwa mayai ya Haemonchus contortus, mnyoo wa tumbo la kondoo. Mayai 70 kati ya 100 hayakuanguliwa. Lakini kwenye vishimo vya sahani ya kupimia vyenye DMSO tu, mayai 40 nayo hayakuanguliwa. Na ivamektini, dawa ya minyoo tuliyoweka kwa kulinganisha, haikuzuia chochote. Tumekosea wapi?

JIBU: Msiyatumie matokeo hayo. Hesabu ya kusahihisha ipo: 70 toa 40, gawanya kwa 60 (yaani 100 toa 40), mnapata 50%. Lakini husahihisha hasara ndogo tu, haiokoi jaribio lililoharibika. Pasipo dawa, mayai yapatayo 90 kati ya 100 yanapaswa kuanguliwa.

Rudieni mkiwa na safu mbili za kulinganisha: moja ya maji matupu, nyingine ya maji na DMSO kwa kiwango kilekile cha vishimo vya dawa, kisichozidi 1%. Ya maji ikiangua vizuri na ya pili ikikwama, mhalifu ni DMSO. Zikikwama zote, kagueni usafishaji wa mayai mnapoyatoa kwenye kinyesi. Maji ya chumvi iliyokolea huyaelesha mayai, ila yakicheleweshwa humo husinyaa; yamimineni kwenye chekecheo la mikromita 25 na kuyasuuza papo hapo. Mabaki ya kinyesi nayo huleta ukungu, na bakteria wanaomaliza oksijeni. Mayai 100 kwenye mikrolita 200 yanatosha: nyuzi 27 za Selsiasi, saa 48, kisha tone la ayodini ya Lugol kusimamisha kila kitu kabla ya kuhesabu.

Mayai yawe mabichi, yakutane na dawa ndani ya saa 3 hivi tangu kinyesi kitolewe kwenye utumbo wa mnyama. Yakishaanza kuumba lava, hata thiabendazoli, dawa ya minyoo inayozuia mayai kuanguliwa, huyapata kwa shida.

Ivamektini haina kosa. Kazi yake ni kupooza misuli ya mnyoo, hasa ya koo, wala haizuii lava kutoka kwenye yai. Kwa kulinganisha wekeni thiabendazoli. Hapa ndipo penye hatari zaidi: majani yenu yakiwa na kitu kinachofanya kazi kama ivamektini, kipimo cha mayai peke yake kitawafanya myatupe. Endeleeni hadi siku 7, mkiwalisha lava bakteria, mhesabu lava wanaofikia hatua ya tatu ya ukuaji.

Kisha pimeni dawa hiyohiyo kwa seli za mamalia, jambo linalorukwa mno. Ikiua seli kwa kiwango kilekile kinachoua mayai, hiyo ni sumu tu. Isifike kwa kondoo.