Neno «kupwa» na neno «pwani»

Ndugu yangu, umeuliza iwapo neno kupwa, ambalo mwanao amelikuta katika somo la sayansi kuhusu kupwa na kujaa kwa maji, lina uhusiano na pwani. Uhusiano upo, tena wa damu. Kitenzi -pwa maana yake ni maji kupungua na kuacha nchi kavu, kama tusemavyo «maji yakijaa hupwa». Ukikitia kiambishi cha mahali -ni unapata pwani, yaani mahali maji yanapokupwa. Kiambishi hichohicho kimo katika Kilindini, jina la bandari ya Mombasa, kutokana na kilindi, maji ya kina kirefu.

Nakusihi usimkaririshe fasili tu. Mpeleke ufukweni siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, wakati mvutano wa jua na wa mwezi unapoungana kwa kuwa viko katika mstari mmoja na dunia, alione bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Kisha mrudishe baada ya juma moja hivi, ayaone maji mafu, yaliyoitwa hivyo kwa kuwa hayapandi sana wala hayashuki sana.