Kwa nini Tyrone na Fermanagh zilibaki Ireland ya Kaskazini?

SWALI: Mkataba wa Desemba 1921, kati ya Uingereza na viongozi wa Ireland waliodai uhuru, ulitaka mpaka wa Ireland uchorwe kwa kufuata matakwa ya wakazi. Kaunti za Tyrone na Fermanagh zilikuwa na Wakatoliki wengi, ambao kwa kawaida walitaka kuwa chini ya Dublin. Ilikuwaje zisihamie upande wa Dublin?

JIBU: Kasoro imo ndani ya kifungu cha 12 chenyewe cha mkataba, kilichoagiza tume ya kupanga mpaka. Kilisema matakwa ya wakazi yafuatwe kadiri yanavyopatana na hali ya uchumi na jiografia, basi. Hakikutaja kura ya maoni, wala hakikusema wakazi wahesabiwe kwa kaunti, kwa wilaya au kwa parokia. Wajumbe wa Ireland, Arthur Griffith na Michael Collins, walitia saini wakitarajia eneo kubwa lihame. Griffith, isitoshe, alikwishajifunga: mwezi Novemba alimwahidi Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, kwamba hatamkwamisha kwa suala la Ulster, yaani eneo la kaskazini. Ahadi ikaandikwa, na tarehe 5 Desemba karatasi ikatolewa mbele yake, pamoja na tishio la vita.

Tume ilikuwa ya watu watatu. Belfast, yaani serikali ya Ireland ya Kaskazini, iligoma kuteua mjumbe, ikabidi London ipitishe sheria mwaka 1924 ndipo imteue J. R. Fisher. Dublin ilimtoa Eoin MacNeill. Hapo mizani ikawa mikononi mwa mwenyekiti, Richard Feetham, jaji kutoka Afrika Kusini. Yeye alikisoma kifungu kama hakimu asomavyo hati yoyote: kazi ni kurekebisha mpaka uliokwishawekwa na sheria ya 1920 iliyoigawa Ireland, si kuuchora upya, na anayetaka mabadiliko ndiye wa kuthibitisha. Kwa usomaji huo, kuhamisha kaunti nzima hakukuwezekana. Hata mji wa Newry, wenye Wakatoliki wengi na ulio karibu kabisa na mpaka, ulibakizwa Kaskazini kwa hoja ya uchumi.

Novemba 1925 gazeti la Morning Post lilivujisha mapendekezo: Dola Huru ya Ireland, yaani upande wa Dublin, ingepata vipande tu, tena ingepoteza sehemu ya mashariki ya Donegal. MacNeill akajiuzulu, lakini hilo halikuzuia kitu, maana wawili waliobaki wangeweza kutangaza uamuzi, nao ungekuwa na nguvu ya sheria. Ndiyo maana Dublin iliwahi London. Tarehe 3 Desemba ikakubali mpaka uleule wa 1920, nayo ikasamehewa mchango wake katika deni la taifa la Uingereza uliodaiwa chini ya kifungu cha 5. Ripoti ya tume ilifungiwa, ikachapishwa 1969.