Meli inafunga gati Mombasa siku moja tu: nitoke mwenyewe au nipande basi la meli?

SWALI: Jambo shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu ila naishi Montreal. Watoto wamenilipia safari ya meli ya kitalii mimi na mama yangu mzazi, na tutafunga gati Mombasa siku ya Ijumaa, kutoka 7:00 mpaka 17:00. Ziara inayouzwa na meli ni bei kali halafu wanakupeleka ngome ya Fort Jesus mbiombio kisha duka moja la vinyago, basi. Mama anachotaka ni leso (kanga) na viungo vya pilau tu. Wenzetu wa safari wanasema kutoka peke yako bandarini ni hatari, na mimi naogopa Kiswahili changu cha Kongo kitafanya niuziwe kwa bei ya mzungu. Unanishauri nini?

JIBU: Jambo sana mdogo wangu, na mama umsalimie. Tokeni wenyewe. Nasema hivo bila kusita manake nimekaa mji huu miaka mingi na nimewaona wageni wa meli wakishushwa na basi, wakipiga picha mbili na kurudishwa kabla hata hawajanusa iliki, na inaniuma kwa sababu mji wenyewe uko karibu sana na hiyo meli yao. Kutoka bandari ya Kilindini unashika Moi Avenue, unapita chini ya zile sanamu za pembe za ndovu juu ya barabara, na kwa tuktuk haichukui muda kufika soko la Marikiti. Ndani ya bandari usitembee kwa miguu kati ya malori, tumia gari la meli mpaka getini. Hapo getini utakuta vijana wanaotembeza wageni, wengine ni wazuri tu, lakini kama humtaki mtu mwambie "asante, niko na wenyeji" ukiwa unatembea, usisimame kujadiliana.

Sasa kwa vile ni Ijumaa, panga hivi. Asubuhi mapema nendeni sokoni moja kwa moja, kwa sababu ikikaribia saa sita na nusu maduka mengi ya Biashara Street na Mji wa Kale yanafungwa watu waende msikitini, na mnaweza kukuta milango imefungwa mpaka saa nane.

Anzeni Marikiti, lile soko la Digo Road ambalo jina lake la zamani ni Mackinnon, lipo tangu 1914. Huko nyuma ndo kuna viungo: pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu, binzari nyembamba. Mama anunue nzima sio za kusagwa, zinakaa zaidi na harufu unaisikia mwenyewe kabla hujalipa. Zafarani ya bei rahisi muiache kabisa, mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa pakiti nzuri nyekundu, kumbe ni maua ya mmea mwingine, rangi ipo harufu hakuna. Na bebeni kikapu au mfuko wa kitambaa, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Kutoka hapo Biashara Street ni kwa miguu. Hapa msiwe na haraka! Leso huuzwa jozi, vipande viwili havijakatwa, na mama asichague rangi tu, asome jina, yale maandishi ya chini, kwa sababu leso ya kumpa mkwe sio ya kumpa jirani mliyekosana naye, na mwenye duka atakunjua hata ishirini bila kununa mkiwa mnasoma na kucheka naye. Zenye alama ya Mali ya Abdulla ni za duka lililoanza 1887, watu wanaziamini sana. Mafundi wa cherehani wako hapohapo nje, watakata na kupinda mkiwa mnasubiri.

Kuhusu lugha, ondoa hofu kabisa. Salimia kwanza, uliza habari za asubuhi, sema umetoka Bukavu, halafu ndo uulize "bei ya mwisho ngapi?" Mpwani anapenda kusikia Kiswahili cha mbali, atataka mpige stori. Kinachoweza kukuponza ni saa. Kama kwenu mnahesabu saa kwa Kifaransa, jua kwamba dereva wa tuktuk akisema "nakuja kuwachukua saa tisa" ni 15:00, sio 9:00. Pia uliza asubuhi kama saa ya meli ni sawa na ya Mombasa, na kufikia 15:30 muwe mko njiani, kwa sababu basi la meli likichelewa hungojwa lakini nyie wawili hamtangojwa.

Wakati wa sala ya Ijumaa ndo mkae Fort Jesus. Mreno alianza kuijenga 1593, Mwingereza akaifanya jela mpaka 1958, kuta zake nene zina kivuli kizuri mama apumzike. Mkitoka piteni mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale, taratibu, mabega yafunikwe, mnunue halwa na kahawa chungu. Badilisheni shilingi kidogo za noti ndogo, M-Pesa hamtakuwa nayo, na dola kuukuu watu wanazikataa. Na kama pasi zenu zinahitaji eTA, ile ruhusa ya kuingia Kenya inayoombwa mtandaoni, imalizeni kabla ya kupanda meli.

SWALI: Shangazi, mimi niko Muscat, nakuja Mombasa kwa meli mwezi ujao. Mwanangu anataka kombe kubwa la baharini na kipande cha tumbawe, mchuuzi akinipa risiti si inatosha?

JIBU: Haitoshi. Matumbawe mengi na baadhi ya makombe makubwa yako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, risiti ya ufukweni sio kibali na forodha wanaweza kukunyang'anya kwenu. Gamba la kasa ndo usiguse kabisa. Mpeleke mtoto Changamwe kwa wachongaji wa Kikamba, aone gogo likigeuka twiga, amchague yule aliyemwona akichongwa.