Sholay ndiyo, lakini Sholay ipi?

Mhariri salaam. Wiki hii mmeuliza, "Ni picha gani ya zamani ambayo TV zetu zingefaa kuiweka tena msimu huu wa sikukuu?" Nilikuwa na simu mkononi naulizia nauli ya basi ya watoto kutoka Mombasa, nikalisoma hilo swali na nauli nikaisahau. Jibu langu ni Sholay, ile picha ya Kihindi, sina haja ya kufikiria. Ila swali lenu naliona ni nusu, manake Sholay ziko mbili, na mtu akisema wekeni Sholay lazima aulizwe ipi, tena aulizwe nani atakaa kando ya TV awaeleze watu kinachosemwa. Hayo mawili ndiyo yaliyonitia mkononi kalamu.

Sikukuu kwetu Amu, yaani Lamu, ni Idd, lakini Disemba nayo ni sikukuu, shule zimefungwa, wajukuu wamekuja kwa bibi zao, kaskazi inavuma na nyumba zimejaa, TV inawashwa asubuhi mpaka watu wakalale. Na kila mwaka ni zile zile, Home Alone na yule mtoto wa Chicago aliyesahauliwa nyumbani wenzake wakaenda Paris, The Sound of Music ya 1965, na za Biblia zikifika siku zake. Sina neno nazo, wanangu Home Alone wanaijua kwa moyo, na mimi nikimsikia Julie Andrews naimba naye huku nakanda unga wa mahamri. Lakini iliyokuwa ikiujaza watu mtaa wetu wa Langoni, wake kwa waume, mpaka wazee waliokuwa hawataki kabisa mambo ya TV, ni picha ya Kihindi, na kwangu mimi picha za Kihindi zote ziko nyuma ya Sholay.

Vijana ambao hawajaiona niwaambie kwa ufupi. Imetoka India Agosti 1975, ya Ramesh Sippy, inapita saa tatu. Thakur alikuwa afisa wa polisi, akamkamata jambazi Gabbar Singh, Gabbar akatoroka jela akamuulia familia yake kisha akamkata mikono yote miwili. Thakur anawaajiri wezi wawili waliokuwa wakijulikana kwa ushujaa, Jai na Veeru, yaani Amitabh Bachchan na Dharmendra, wamletee Gabbar akiwa hai. Basi. Yaliyobaki ni farasi, milima ya mawe, nyimbo za R.D. Burman, na Jai na kile kinanda chake cha mdomo jioni, na mkwe wa Thakur aliyebaki mjane anazima taa ghorofani na hawasemezani neno.

Sasa Idd ya 1994. Nilikuwa na miaka 12. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa karudi kutoka Dubai mwaka mmoja nyuma baada ya kukaa huko miaka sita kwenye duka la vitambaa la Mhindi, akaja na mablanketi, TV kubwa ya kisogo na deki ya kaseti za video. Kihindi alikuwa anakisema kama chake. Ile kaseti ilitoka laibrari ya kaseti ya Mombasa, ikaja kwa basi mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, pale ikavuka kwa mashua ndani ya kikapu, imefungwa leso mbili isirukiwe na maji ya chumvi. Nakumbuka ilikuwa na karatasi ya kubandika, jina limeandikwa kwa biro ya buluu na limekosewa, "SHOLE".

Alasiri TV ikatolewa ikawekwa kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, manake ukumbini watu hawangeenea. Mikeka ikatandikwa, wanaume upande wa mlango, wanawake upande wa jikoni, sisi watoto katikati. Ami akafungua kifuniko cha deki kwa bisibisi, akafunga pamba kwenye kijiti, akaichovya kwenye spiriti akapangusa hedi, kile kichwa kinachosoma kaseti, taratibu kama anayesafisha sikio la mtoto, hakuna aliyesema kitu mpaka akamaliza. Kisha akavuta kibao cha mbuzi akakaa karibu na TV, rimoti mkononi, akaanza kazi.

Na ile ilikuwa kazi kwelikweli. Wengine wakitafsiri wanakupa neno moja kwa maneno kumi, ami alikuwa anakupa yote, tena kwa Kiamu. Basanti yule wa gari la farasi ana mdomo, haachi kusema, basi ami naye alikuwa anakwenda mbio mpaka pumzi inamwisha, wanawake wanacheka mpaka machozi. Punda wa jirani aliyekuwa akibeba mchanga kuanzia siku ile jina lake likawa Dhanno kama farasi wa Basanti, na alikufa akiitwa Dhanno. Shali ya Thakur ilipopeperushwa na upepo tukaona kumbe mabega hayana mikono, ami hakutafsiri kitu, alinyamaza, na kiwanda kizima kikanyamaza.

Kuna pahali imamu wa kile kijiji, mzee kipofu, mwanawe anauliwa na Gabbar na maiti inarudishwa juu ya farasi. Mzee anahisi kimya, anauliza mbona watu wamenyamaza, na baada ya kuambiwa ndipo adhana inasikika, naye anataka ashikwe mkono apelekwe msikitini. Bibi yangu alikuwa ameketi mwisho kabisa kwenye mlango wa jiko, siku zote akisema TV ni upuuzi. Ile adhana ilipotoka kwenye TV nikamuona anavuta mtandio wake kichwani na midomo yake inaitikia. Ami aliona, akabonyeza rimoti picha ikasimama, akamngoja mamake amalize dua ndipo akaendelea. Sijapata kuona mtu mwingine akifanya hivyo.

Stima ikapotea mara moja, wakati ule ilikuwa ya majenereta ya hapa hapa mjini, tukakaa gizani na karabai kama nusu saa, kahawa ikapita na kaimati, ikarudi. Jai akafa pale darajani watu wakalia, Veeru akaitazama ile sarafu aliyokuwa akiirusha rafiki yake kuamulia mambo akaona kumbe ina sura moja pande zote mbili. Tukafika mwisho. Thakur ana Gabbar mbele yake, hana mikono, ana miguu na viatu vya misumari, na ami kabla ya yote akasema kwa sauti, "Haya tazameni, sasa anamkanyaga mpaka anamuua."

Thakur akamkanyaga mikono. Akamkanyaga tena. Halafu polisi wakatokea, wakamzuia, wakamwambia mambo ya sheria, Gabbar akachukuliwa yu hai.

Watu wote wakageuka wakamtazama ami. Mmoja akauliza, "Ami, mbona hakufa?" Ami akasema hapana, Gabbar anakufa, mimi nimeiona Dubai, nimemuona akifa kwa mato yangu haya mawili. Wakarudisha kaseti nyuma. Polisi tena. Wakarudisha mara ya tatu, polisi. Hapo kicheko kikaanza, na kicheko cha kiwanda kilichojaa mnakijua. Kuna aliyesema basi hata hayo mengine yote uliyotafsiri ulikuwa unatunga, na hilo ndilo lililomuuma, mimi nilikuwa mbele yake nikauona uso wake. Alizima deki, akachomoa kaseti akaifuta kwa leso, akaiweka ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani.

Baada ya siku ile watoto wakawa wakimuona anapita kichochoroni wanamuita, "Ami, Gabbar amekufa?" Na mimi nilikuwa miongoni mwao, naandika hili mkono mzito. Hakukasirika, alikuwa anasema "amekufa" na kupita. Lakini hakutafsiri picha tena. Akiombwa anasema Kihindi kimempotea. Idd zilizofuata tukawa tunaangalia bila mtu, kila mmoja anabahatisha, na polepole watu wakaacha kuja. Alifariki 2011, rehema za Mungu zimfikie.

2016 niko hospitali ya Malindi nimemlaza mtoto, usiku hakuna usingizi, nikawa naangalia vipande vya picha za zamani kwenye simu. Kikaja kimoja kimeandikwa mwisho wa asili wa Sholay. Nikakifungua. Thakur anamkanyaga Gabbar, anamsukumia kwenye nguzo yenye msumari, Gabbar anakufa. Halafu Thakur analia. Nilikiangalia mara nne pale kando ya kitanda.

Nikaja kusoma habari zake. Kumbe Sippy aliutengeneza mwisho ule kwanza, lakini 1975 India ilikuwa kwenye hali ya hatari ya waziri mkuu Indira Gandhi, na bodi ya kukagua picha ikakataa kuonyesha aliyekuwa polisi anachukua sheria miguuni mwake, ikabidi mwisho upigwe upya polisi waingie. Hiyo ya polisi ndiyo iliyokwenda kwenye majumba ya sinema. Ile ya kwanza ilikuja kutokea kwenye kaseti za ng'ambo miaka ya 90, na huko Dubai bila shaka ndiko ami alikokutana nayo. 2025 picha ilipotimiza miaka 50 ilisafishwa upya ikaonyeshwa Bologna kule Italia, na mwisho wake ukiwa ni ule wa asili. Yaani watu wazima wameketi Italia wameangalia alichokisema ami Langoni akachekwa.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika hapa nia yangu ilikuwa kuziambia TV, wekeni Sholay, wekeni hiyo ya asili, msikate hata dakika, na mtafute mtu wa kuifanyia Kiswahili kinachoeleweka. Bara wana DJ Afro wao anayewasimulia picha na watu wanampenda, na mimi naona ana haki ya kupendwa, kazi hiyo si ndogo. Pwani tuna wazee wanaokisikia Kihindi vizuri na Kiswahili chao ni kitamu, watafutwe walipwe kabla hawajaisha.

Lakini nimefika hapa nimekumbuka jambo jingine na siwezi kulipita. Miaka michache nyuma nilimwalika mwenzangu wa kazini, kwao Mpeketoni, Lamu ya bara, aje ale Idd na sisi, na baada ya chakula nikaweka Sholay kwa furaha zangu. Tukafika pale kijiji kinacheza Holi, sikukuu ya Wahindu, rangi zinarushwa, nyimbo, na Gabbar na watu wake wanaingia na bunduki. Mwenzangu akainuka akaenda kusimama kwenye ngazi pale mlangoni. Nilimfuata. Hakusema mengi, alisema tu kwao pia watu walikuwa wanaangalia TV. Mnajua anachosema, Juni 2014, Kombe la Dunia, watu wamekusanyika kuangalia mpira na wauaji wakaingia. Nilizima. Mimi nilikuwa nimeiona ile picha mara ishirini na haijanipitia akilini kwamba kuna mtu kwenye kaunti hii hii yangu anaweza kuiona vingine.

TV ya taifa haijui imeingia sebule ya nani. Ami alikuwa anajua, alisimamisha picha kwa sababu ya mamake. Kituo hakina wa kusimamisha.

Basi jibu langu nalibadilisha, nisameheni kwa kuwazungusha. Kama ni lazima mimi nitaje moja ya kuwekwa mchana wa sikukuu nchi nzima, wekeni Amar Akbar Anthony, ya 1977, ya Manmohan Desai. Ndugu watatu wanapotezana wadogo, mmoja analelewa na polisi wa Kihindu, mmoja na fundi cherehani Muislamu, mmoja na padre, wanakua hawajuani. Mapema kabisa kuna mama kagongwa na gari, anahitaji damu, wanalazwa vijana watatu vitanda vitatu na damu inakwenda kwake kwa pamoja, na hakuna kati yao anayejua kuwa huyo ni mama yao. Najua damu haitolewi hivyo, mwanangu anayesomea uuguzi ameshaniambia mara nyingi. Lakini ukiwa unakaa mtaa ambao Idd sahani ya biriani inavuka kwa jirani Mkristo na Krismasi sahani inarudi na chapati na kuku, ile picha huhitaji hata mtafsiri. Ngumi zimo, mwizi wa dhahabu yumo, watoto wadogo wakae na mkubwa, na muiweke baada ya adhuhuri, si wakati wa Magharibi watu wakagawanyika.

Sholay niachieni. Ile kaseti ya SHOLE bado iko kwenye zidaka kwa mwanawe ami, deki ilishakufa kwa kutu ya bahari lakini kaseti ipo. Idd ijayo nitaweka ya asili kwenye flashi nimpelekee, na watoto wake na wangu wakae, na nitawaambia kabla haijaanza ni nani aliyeisema kwanza. Na kama kuna kituo kitaiweka pamoja na yote niliyosema, iwe usiku baada ya saa tatu, na onyo mbele yake, na tafadhali iwe ile ambayo Gabbar anakufa.

Msomaji wenu, Langoni, Lamu