Dada wa tezi, usiiache levothairoksini yako

Dada, soma hapa kabla hujamtumia huyo muuzaji hela. Umeuliza kama uache levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, ya mikrogramu 100 uhamie dawa "ya asilia", maana tezi yako ya shingoni (thairoidi) ilishatolewa, bado unachoka, nywele zinanyonyoka, na mwakani unataka kubeba mimba. Ukauliza na bei, na pa kuipata hapa Dodoma. Mimi nami tezi yangu ilitolewa kwa sababu ya goita, na hayo maneno uliyoambiwa niliuziwa hivyo hivyo: ya kiwandani ni kemikali, ya asilia mwili unaitambua.

Nilipewa kopo lenye picha ya jani, nikaambiwa niache kabisa vidonge vya hospitali ili "visigombane". Wiki za mwanzo nilijisikia vizuri. Hapo ndipo wanapotushikia. T4, homoni iliyomo kwenye levothairoksini, inakaa mwilini muda mrefu: baada ya siku 7 hivi nusu yake bado ipo. Kwa hiyo nilikuwa naishi kwa akiba ya dawa niliyoiacha, sifa zikaenda kwa kopo. Muuzaji akaniomba ushuhuda wa sauti, akausambaza kwenye makundi yake ya simu. Kuna watu walinunua kwa kuisikia sauti yangu, na hilo linaniuma kuliko hela.

Akiba ilipoisha, mambo yakageuka. Uso ulivimba, sauti ikawa nzito ya kukwaruza, choo kikafunga, nikawa nasinzia nimeshika kijiko. Novemba, Dodoma hii ambapo watu wanalala madirisha wazi, mimi nimejifunika blanketi natetemeka. Nikampigia muuzaji. Akasema ni sumu zinatoka, niongeze dozi! Mtu hajui tezi iko wapi mwilini, anampangia dozi mgonjwa asiye na tezi. Nilipofikishwa hospitali TSH, kipimo cha damu kinachopanda homoni ya tezi ikipungua, ilikuwa imepita 100, wakati kawaida haizidi 4 na kidogo, na mapigo ya moyo yameshuka. Daktari alisema tungeendelea kuchelewa ningepoteza fahamu, na hali hiyo inaua. Muuzaji? Namba haipatikani.

Elewa kwamba jina hilo "asilia" linabeba vitu viwili tofauti. Kimoja ni makopo ya majani kama langu, ambayo hayawezi kuziba pengo la tezi iliyotolewa. Cha pili ni dawa kweli: tezi ya nguruwe iliyokaushwa na kusagwa, kama Armour Thyroid ya Marekani. Ndiyo, nguruwe. Muislamu ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya kulipa, na wauzaji hawalisemi. Kidonge chake cha miligramu 60 kina takriban mikrogramu 38 za T4 na 9 za T3, homoni ya pili ya tezi. Hiyo T3 ni nyingi kuliko uwiano ambao tezi ya binadamu inatoa, nayo inapanda haraka na kushuka haraka, ndiyo maana wengine moyo unawaenda mbio. Wapo wanaosema imewasaidia, siwabishii, lakini wanapimwa na daktari anayewafuatilia. Hata huko Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa, haijawahi kuiidhinisha.

Na wewe unataka mtoto! Miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto unategemea T4 ya mama, T3 haimfikii vizuri. Mjamzito hashauriwi dawa ya nguruwe. Kinyume chake, levothairoksini mara nyingi inabidi iongezwe, kwa hiyo ukikosa siku zako tu, nenda ukapime.

Kanuni yangu ni moja, na nitaisema kila uzi wa tezi ukifunguliwa: kopo au pakiti isiyoandikwa mikrogramu ngapi za T4 na ngapi za T3, USIMEZE. Na hata ikiandikwa, usihame bila daktari na kipimo cha TSH, kisha urudie baada ya wiki 6.

Kabla hujailaumu levothairoksini, niambie unaimezaje. Ukiimeza na chai ya maziwa, au pamoja na vidonge vya kuongeza damu, sehemu kubwa haiingii mwilini. Maji matupu, tumbo tupu, subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vidonge vya damu na kalsiamu viachanishe nayo kwa muda wa masaa 4. Na usiiweke dirishani kwenye joto letu hili.

Hilo kopo unalouziwa lipige picha upande wa nyuma, siyo mbele kwenye jani, uiweke hapa tuisome wote kabla hujalipa.