Swali la lugha: mapigo ya moyo "yanaruka" au "hayana mpangilio"?

Msomaji wetu, nesi wa Nachingwea, anauliza hivi: kuna binti ana ugonjwa wa vali za moyo (vile vilango vya kupitisha damu), ule unaoanzia na tonsesi za utotoni zisizotibiwa vizuri, kapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kule Ndanda, daktari kaandika mapigo haina mpangilio, nesi mwenzake akamwambia mama mtu "mapigo yanaruka", je si ni kitu kilekile?

Hapana dada, sio kitu kilekile, na mama akiambiwa "yanaruka" ataona jambo dogo. Kuruka ni pale mapigo yako kwenye mwendo wake halafu moja linawahi au linakosekana, kisha mwendo unarudi, na hiyo humpata hata mtu mwenye afya zake.

Sasa itazame hiyo karatasi ya ECG. Kwa kawaida inatembea milimita 25 kwa sekunde, kijumba kidogo kimoja ni sekunde 0.04, na kabla ya kila mwiba mrefu panatakiwa pawe na kilima kidogo, hapo ndio vyumba vya juu vya moyo vinashtuka kwa umeme. Vali ya kushoto ikibana muda mrefu chumba cha juu kinatanuka na kilima kinakuwa kipana, vijumba vitatu au zaidi, mara nyingi kina vichwa viwili. Ugonjwa ukisogea kilima chenyewe kinapotea, mstari unabaki unatetemeka tetemeka tu, na nafasi kati ya mwiba na mwiba hazilingani upime upimavyo. Hiyo ni shaghalabaghala haswa, ila kwa mama mgonjwa "hayana mpangilio" inatosha.

"Yanaenda mbio" ni habari ya spidi, nayo inaweza kuja pamoja na hiyo ya mpangilio. Tatizo ni kwamba kwetu "moyo unanienda mbio" ni kauli ya woga pia, kwahiyo mgonjwa wa vali akikwambia hivyo usikimbilie kumwambia asiogope, mshike mkono umpime.

Mimi ningemwambia mama hivi: "Mapigo ya binti yako hayana mpangilio, damu inatuama kwenye chumba cha juu cha moyo, inaweza kuganda, bonge likaenda kichwani akapata kiharusi, ndio maana anapewa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na lazima arudi kupimwa damu."

Na kwenye kadi andika mapigo HAYANA, sio haina kama ulivyotuandikia, pigo ni ngeli ya LI-YA.