Kabla ya Kununua Kisanduku cha Kuzuia Wizi, Kagua Ethi

Ninyi mnaoanza kazi ya kutunza mashine za michezo za sarafu, lijueni hili mapema: mwizi wa siku hizi havunji kufuli. Anasogeza kifaa kidogo karibu na tundu la sarafu, anabonyeza, na skrini inaonyesha krediti ambazo hakuna aliyezilipia.

Kipokea sarafu kikishaikubali sarafu, hutuma pigo fupi la umeme kwenda bodi kuu. Bodi yenyewe haioni sarafu, inahesabu mapigo tu. Kifaa cha mwizi hurusha mawimbi ya sumaku-umeme, na waya ule wa sarafu hugeuka antena. Pigo la uongo linaingia, bodi inaliamini.

Mashine iliyonifundisha kazi hii ilikuwa ikitoa michezo ya bure kila mwisho wa wiki. Nilibadilisha kipokea sarafu, nikabadilisha bodi, nikafikia hata kumshuku kijana aliyekuwa akikusanya sarafu, jambo linaloniuma mpaka leo. Mwishowe nikakagua waya wa ethi, yaani ule unaounganisha kasha la chuma na ardhi. Ulikuwepo, umekazwa sawasawa, lakini chini ya bolti kulikuwa na rangi, na rangi haipitishi umeme. Kasha zima la chuma lilikuwa halina ethi! Nilizima mashine, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikaweka washa yenye meno, nikakaza upya. Multimita ambayo mwanzoni haikusoma kitu ikashuka chini ya omu moja. Tangu hapo, mashine yoyote ngeni kwangu naanzia kwenye bolti hiyo, pamoja na ile ya mlango, maana mlango nao unahitaji waya wake wa ethi. Bawaba peke yake haitoshi.

Ukimaliza hapo, fuata waya wa sarafu. Ufupishe, uutenge na nyaya za umeme mkubwa, tumia waya wenye ngao (uliozungushiwa chuma), na pete ya feraiti, ile pete nyeusi inayomeza mawimbi, ikae karibu kabisa na bodi. Halafu ingia kwenye mipangilio. Pigo la kweli kwa kawaida hudumu makumi ya milisekunde, ilhali la kifaa mara nyingi ni fupi mno na huja ovyo, kwa hiyo bodi ikiwa na uwezo wa kukataa mapigo mafupi, uwashe. Vipokea sarafu vinavyotumia ujumbe wa kidijitali, kama ccTalk, ni vigumu zaidi kudanganya kwa sababu kila ujumbe hubeba namba ya uhakiki.

Mashine inayolipa sarafu ina udhaifu mwingine, sensa ya mwanga inayohesabu zinazotoka. Mmarekani Tommy Carmichael, mwizi wa mashine za kamari, alitengeneza kijiti cha taa cha kuipofusha, mashine ikaendelea kumwaga. Sensa hiyo ifunikwe, na njia ya kutokea sarafu iwe na kona.

Visanduku vya kuzuia vipo madukani, na kizuri huhisi mawimbi kikafunga njia ya sarafu kwa muda. Kinasaidia, ila hakitibu ethi mbovu.

Na kila siku linganisha mita, yaani kihesabio cha mashine, na sarafu zilizomo kwenye sanduku, mkiwa wawili. Mita ikizidi sarafu, usimshike mtu shati. Ndani ya mlango wa kila mashine mimi hubandika karatasi: tarehe, saa, namba ya mita, sarafu zilizokutwa. Wiki mbili za karatasi hiyo zilitosha kunionyesha ni mashine gani inaibiwa, na saa ngapi.